Tupeane uzoefu: kujitambulisha kwa Kihispania, na jinsi majina yetu yanavyoteseka

Mchicha Mwitu: Wakuu, leo kwenye foleni wameita "Adikha" mara tatu, dada wa watu katulia tu. Kumbe ni Hadija. Nikakumbuka nilivyoingia Valencia. H hawaitamki kabisa, J wanaikoroma kooni. Mliopita Hispania, Meksiko, hata Guinea ya Ikweta, tiririkeni.

Juma Halisi: Usinikumbushe! Mwalimu aliita jina langu darasani, Mtanzania mwenzangu akaingia chini ya meza. Siku hizi najitambulisha "Me llamo Yuma" na maisha yanaenda.

Kibuyu: Hahaha pole Yuma.

Bandari Salama: Yangu iliitisha kikao cha ukoo. Nimeoa Mhispania, tukajaliwa mtoto wa kiume. Kule kila mtu ana majina mawili ya ukoo, la baba kisha la mama, na mwanamke akiolewa habadilishi kitu. Basi dogo akaandikwa jina lake, la kwetu, halafu García la mama yake. Nikapiga picha cheti, nikarusha kwenye grupu la familia. Kimya. Usiku mzee akapiga: "Hilo la mwisho ni la nani?" Nikamwambia. "Kwa hiyo mjukuu wangu ni wa ukoo wa Gasia." Akakata simu.

Nafika Tanga likizo, nakuta mkeka umetandikwa, baba wadogo wote wapo. Naambiwa nimeolewa! Naeleza kwamba kule mtu huitwa kwa hilo la kwanza, la pili ndilo linaloachwa. Nani asikilize? Shangazi ndiye aliyelipua mambo: "Kwani sisi tukizaa, majina yetu huwa yanakwenda wapi?" Mama akaacha chungu jikoni akaja kukaa kabisa. Kikao kikavunjika bila dua. Mpaka leo mzee akimtaja dogo anaishia jina la kwetu, García halimtoki mdomoni.

Mwamba wa Kusini: Umekaliwa mkuu.

Bi Shuwea: Mwamba acha ushamba. Tangu 2017 la baba halitangulii lenyewe, wazazi wanakubaliana lipi lianze. Angekaliwa, García lingekuwa mbele.

Mwamba wa Kusini: Ndio maana hawazaani.

Kalamu Nyekundu: Picasso yule mchoraji, baba yake alikuwa Ruiz, Picasso ni jina la mama. Nenda kamwambie naye kakaliwa.

Mpiga Pasi: Turudi kwenye mada. Kwenye fomu ile sehemu ya "segundo apellido", yaani jina la pili la ukoo, mnajaza nini? Pasipoti yangu ina langu, la baba na la babu.

Juma Halisi: Weka la mama.

Bi Shuwea: Usithubutu! Fuata pasipoti herufi kwa herufi, pengine acha wazi. Mdogo wangu aliweka la mama, akarudishwa dirishani na karatasi zake zote.

Juma Halisi: Mimi lilipita.

Bi Shuwea: Ulikuta karani ana njaa.

Fundi Redio: Ushauri wa bure: ukitambulishwa, kusema nimefurahi kukufahamu, mwanaume sema "encantado", mwanamke "encantada". Kuna jamaa alijifunza kwa mpenzi wake, akasalimia kiwanda kizima kama bibi harusi. Na mkubwa mwambie "usted", ile "wewe" ya heshima, usimrukie na "tú" ya kirafiki.

Mchicha Mwitu: Inategemea na mahali. Nilimwambia mama mwenye nyumba "usted", akanuna, eti namzeesha.

Kalamu Nyekundu: Bogotá kule Kolombia hata ndugu wanaitana "usted". Ukifika sikiliza kwanza.

Kibuyu: Nani mwingine alidhani Paco na Francisco ni watu wawili? Nimemtafuta Francisco kazini wiki nzima na chai nakunywa naye.

Mpiga Pasi: 😂 Pepe naye ni José.

Mwamba wa Kusini: Bandari, mtoto wa pili basi mpe mzee haki yake. Toa hilo García.

Bandari Salama: Haiwezekani. Mpangilio wa wa kwanza ndio unaowafuata wadogo zake, ndiyo sheria. Na mke wangu ana mimba, mzee bado hajaambiwa.

Kibuyu: Ukienda Tanga fungua uzi mpya.