Langer alijipangaje baada ya Kiawah?

Swali: Wakuu, Ryder Cup ya 1991 (gofu, Ulaya dhidi ya Marekani) kule Kiawah, Bernhard Langer alikosa kuingiza mpira wa futi 6 shimo la 18, la mwisho, Ulaya ikalala 14½–13½. Wiki iliyofuata akashinda mashindano kwao Ujerumani. Aliwezaje?

Jibu: Msingi ni wa 1985. Alishinda Masters, moja ya mashindano makubwa zaidi ya gofu, siku chache baadaye akaalikwa kwenye somo la Biblia la wachezaji, Jumapili akashinda tena mashindano ya Hilton Head. Somo hilo hufanyika katikati ya wiki, kabla ya raundi ya kwanza ya Alhamisi, uwe unaongoza au unaburuta mkia. Anayekumbuka kuomba kwenye mpigo wa kushinda tu, mikono hukakamaa.

Jibu: Halafu baada ya mashimo 36, yaani raundi mbili, Ijumaa, wengi wenye alama mbaya hufungashwa, mara nyingi bila hela. Ukipima utu wako kwa ubao wa alama, Ijumaa zitakumaliza. Mcheza gofu Scottie Scheffler aliligusia hilo kabla ya mashindano ya Open ya Royal Portrush 2025: raha ya ushindi haikai. Kisha akashinda kwa mipigo 4, hehe.

Jibu: Ila imani haisomi mteremko wa nyasi. Mikono ya Langer ilikuwa ikishtuka kwenye mipigo mifupi. Akabadili mshiko, akabana mpini wa kijiti cha kupigia kwenye mkono wa kushoto kwa kiganja cha kulia, baadaye akahamia kijiti kirefu.