Milioni tisa za Mfuko wa Jimbo: tumalizie boma la maabara au tununue vishikwambi?

Mjumbe wa Bodi
Wakuu heshima mbele. Nipo kwenye bodi ya shule moja ya kata, jina nalihifadhi maana mkuu wa shule naye yumo humu humu. Tumepata milioni tisa toka Mfuko wa Jimbo na Jumanne tunakaa kuamua. Tuna boma la maabara, yale ya enzi za Kikwete tulipochangishwa kila kaya, 2014 hivi, likaishia kwenye renta na mpaka leo mbuzi wanalala humo. Wazee wanataka likamilike. Mimi nasema hapana. Milioni tisa itapaua na kupiga lipu, masinki hamna, gesi hamna, kemikali hamna, tutakuwa tumewajengea mbuzi chumba kizuri zaidi. Kwa hela hiyo hiyo napata projekta, sola yake na vishikwambi kama ishirini, mtoto wa mkulima anaangalia titresheni, kule kudondoshea asidi kwenye besi kidogo kidogo, kwenye video, anaona rangi inavyogeuka, akitaka anarudia mara kumi. Watoto wetu wanasoma kemia kama wanakariri ngonjera, bikari wanaichora tu kwenye daftari hawajawahi kuishika. Najua ninachosema, mimi mwenyewe fizikia nilikuwa naipenda balaa ila shule haikuwa na chochote, nikaishia HKL, Historia, Kiswahili na Kiingereza. Karibuni, kwa hoja lakini.

Mzee wa Logarithimu
"Nikaishia HKL" hapo tu chai imenipalia. Mkuu kuwa mkweli, hesabu zilikukataa ukatafuta pa kujificha. Kila mtu wa HKL ukikutana naye ana stori ya maabara iliyokosekana, hamna hata mmoja atakayekwambia besiki math alipata F. Sisi tumesoma PCM, fizikia kemia hesabu, shule haina umeme, koroboi moja watu wanne, na tukatoboa. Vishikwambi sina neno, nunueni.

Mama Kiswahili
Umetoboa nini mzee? Maana mtaani kwangu wa PCM wako watatu, mmoja bodaboda, mmoja wakala wa pesa yuko chini ya mwavuli, wa tatu anasubiri ajira ya ualimu tangu amalize chuo, na wote barua za kuomba kazi wanakuja niwaandikie mimi wa HKL, elfu tano moja. Nyie ndo mmewafanya watoto waione lugha kama jalala la waliofeli. Hata ule ufadhili wa chuo, Samia Skolashipu, ukawekwa kwa waliofanya vizuri kwenye sayansi, haya, endeleeni kula, sisi tutawaandikia hotuba za kushukuru.

Mzee wa Logarithimu
Povu la nini dada, nilikuwa naongea na mjumbe. Halafu bodaboda aliyesoma sakyula mosheni haanguki kwenye kona, huo nao ni mchango kwa taifa.

Kabambe254
Majirani hamjambo. Hii sinema huku Kenya tumeitazama hadi mwisho. 2013 tuliahidiwa laptop kwa kila mtoto wa darasa la kwanza, tenda ikazungushwa kortini weee, 2016 ndio vitu vikaanza kufika na vilikuwa tablet sio laptop. Shule aliyosomea mpwa wangu zililetwa, mwalimu mkuu akazifungia kwa ofisi juu zikiibiwa ni yeye ataulizwa. Mtoto alifika darasa la nne ameiona mara mbili, na mara moja kati ya hizo ni siku wageni walikuja. Chenye kilimsaidia ni simu ya nyanyake, kabambe ya tochi, ile huduma ya Shupavu 291, maswali yanakuja kwa SMS unajibu unaambiwa umekosea wapi. Haina video, haina sola, na haihitaji bodi kukaa Jumanne.

Mama Kiswahili
@Kabambe254 hiyo simu ya tochi sisi tunaiita kiswaswadu. Karibu.

Mwalimu wa Zamu
Mimi nafundisha kemia na baiolojia mwaka wa kumi na moja huu, shule ya kata. Mjumbe, kabla hujanunua vishikwambi ulizia vile vya sensa ya 2022, baada ya zoezi viligawiwa kwa walimu nchi nzima, hapo shuleni kwenu vipo. Kwa hiyo kama shida ingekuwa kishikwambi ingeshaisha.

Baba Neema
Mwalimu asante kwa kukiri kwamba vipo. Sasa naomba utujibu na swali la pili, viko wapi? Kwa mwalimu wa binti yangu nilipita jioni moja kumsalimia nikakuta mwanawe wa miaka mitano anaendeshea gari la gemu, nembo ya serikali ile pale nyuma.

Mwalimu wa Zamu
Baba Neema ulienda kusalimia au kukagua? Changu mimi kilikuja bila bando, bando naweka kwa mshahara wangu, chaja ilishakufa nimenunua ya mtumba, na nakitumia kuandaa maandalio ya somo ambayo mkaguzi akija anayataka kwenye karatasi vilevile. Nina watoto tisini na mbili kidato cha pili mkondo mmoja. Tisini na mbili. Nikikiinua hivi juu, wa mbele wanaona nusu, wa nyuma wanaona mkono wangu. Mtoto wangu naye akichezea nusu saa nipike, basi nisamehewe.

Baba Neema
Sijasema wewe. Nimesema yule.

Mwalimu wa Zamu
Umesema walimu.

Baba Neema
Panda juu usome tena mwalimu, "mwalimu wa binti yangu", umoja huo. Kama kusoma comenti ya mistari minne ni hivi hiyo mitihani mnasahihishaje.

Mchokozi wa Mbagala
Hahahaaa, umoja na wingi! Mama Kiswahili njoo uamue, HKL leo mna kazi.

Mama Kiswahili
Ni umoja. Ila Baba Neema naye alianza kwa "viko wapi", wingi. Wote mmekosea, nawadai elfu tano kila mmoja.

Wa Handeni
Mnabishana gemu wakati jambo hili lilishafanyika hapahapa Tanga. Yale mashindano ya XPRIZE aliyoyatilia hela Elon Musk, kama sikosei mwishoni mwa 2017 mpaka 2019, vijiji kama 170 vya mkoa wetu, watoto karibu elfu tatu, wengi wao shule hawajawahi kukanyaga, walipewa tablet zenye masomo ya Kiswahili basi. Hamna mwalimu. Kijijini kwetu kulikuwa na mama mmoja ndiye mwangalizi wa chaji ya sola, watoto wanapanga foleni kwake asubuhi kama wanaenda kisimani. Nimeona kwa macho yangu mtoto wa mfugaji, hajui a, baada ya miezi anasoma maandishi kwenye mfuko wa saruji. Washindi walikuwa wawili wakagawana dola milioni kumi. Kwa hiyo msiseme kifaa bila mwalimu hakifanyi kitu.

Mzee wa Logarithimu
Ile ilikuwa KKK mkuu, kusoma kuandika kuhesabu. Sayansi ni kitu kingine. Mtoto atajifunza "baba ana ng'ombe" kwenye kioo, ila huwezi kumfundisha kuogelea kwa kioo.

Wa Handeni
Wewe umeogelea wapi na koroboi yako.

Mama Kiswahili
Sasa hebu tulieni niseme la maana, la HKL tulimalize baadaye. Mmemsikia Wa Handeni? Masomo ya KISWAHILI. Ndo maana mtoto alielewa peke yake. Mjumbe anataka kuwaletea watoto video, video hizo za titresheni nyingi ziko Kizungu, tena Kizungu cha Kihindi kile cha mbio. Mtoto ametoka la saba anajua usanisinuru vizuri kabisa, mwanga, maji, kabonidayoksaidi, anakuchorea na jani. Januari anaingia kidato cha kwanza anaambiwa fotosinthesisi, anadhani ni kitu kipya! Kitu alichokuwa anakijua kinageuka mzigo wa kukariri. Hapo projekta itasaidia nini?

Profesa wa Kona
Naomba kupinga. Hao Wahindi mnaowasema ndio walionipitisha mimi. Chuo mwaka wa kwanza, lekcha anaongea na ubao, nikaenda intaneti kafe nikamkuta mzee wa Kihindi ana ubao mweusi na chaki tu, mbio hivyo hivyo, dakika kumi nikaelewa intigresheni ambayo sikuielewa miaka miwili. Tuwaheshimu tafadhali.

Mchokozi wa Mbagala
Kweli kabisa, yule mzee apewe uraia.

Bint Pemba
Hata mimi wa uhasibu ndiye aliyeniokoa. Yaani anaanza na "helo frendi" roho inatulia.

Mama Kiswahili
Nimeongelea lugha ya kufundishia, mmechukua Wahindi. Sawa. Endeleeni na Wahindi.

Mjumbe wa Bodi
Wakuu turudi kwenye reli. Jumanne hiyo inakuja.

Mwalimu wa Zamu
Mjumbe nitakujibu kwa urefu halafu nikalale, kesho nina zamu tena.

Video ni nzuri, sizikatai, za seli na moyo zinasaidia sana, na 2020 shule zilipofungwa kwa korona vile vipindi vya redio na TBC ndo vilimshika mtoto asipotee kabisa. Ila kidato cha nne kuna mtihani wa vitendo. NECTA hawamuulizi mtoto aliona nini kwenye video. Anakuta bureti, ule mrija mrefu wa kioo wa kupimia, mbele yake imefungwa kwenye stendi, na ile koki ukiizungusha kidogo tu kupita kiasi inamwaga. Metili oranji, dawa ya kuonyesha rangi, iko njano, unadondosha, njano, unadondosha, njano, halafu tone moja tu inageuka, na ukipitiliza ndo basi soma vipimo uongo. Mwaka jana nilikuwa na kijana nadharia yote kichwani, siku ya mtihani mkono ulimtetemeka akaikamata bureti kama anamkamata nyoka. Alikuwa hajawahi kuigusa. Aliiona kwangu kwenye kishikwambi, mstari wa sita toka mbele.

Sasa na boma nalo, wazee wasikudanganye. Maabara si ukuta. Nimefundisha kwenye maabara yenye vigae haina hata asidi, na nimefundisha chini ya mwembe. Nachukua rozela kavu ile ya juisi, wanafunzi wanaichemsha, wanagawana kwenye vifuniko vya chupa. Ukikamulia limau inawaka nyekundu, ukiweka maji ya majivu inageuka kijani kijani hivi. Pale tisini na mbili wote wanaona kwa sababu kila kundi lina kifuniko chake. Iodini ya kidonda ya duka la dawa unadondoshea kwenye kiporo cha ugali kinakuwa bluu nyeusi, mtoto anaenda kurudia nyumbani mpaka mama yake anamfukuza jikoni. Bomba la sindano, jipya lakini, nalifanya pipeti ya kufyonzea na kupimia. Hii yote haifiki elfu thelathini. Bureti hizo ndo siwezi kuzitengeneza, kwa hiyo mimi ningekuwa wewe milioni mbili tu ningenunua bureti, pipeti, stendi na kemikali za mazoezi, projekta moja, vishikwambi achana navyo. Darasa moja lililopo weka meza imara na ndoo za maji. Boma waachie mbuzi mpaka hela nyingine ije.

Mzee wa Logarithimu
Mwalimu hapo sina la kuongeza. Ila umesema "soma vipimo uongo", kumbe ndo mnavyowafundisha?

Mwalimu wa Zamu
Usiku mwema mzee.

Baba Neema
Mwalimu mimi nimekuelewa. Ile comenti ya kusahihisha mitihani naifuta. Ya gemu naiacha.

Fundi Sola Dom
Mjumbe kwenye sola usipigwe. Projekta inakula umeme kuliko taa za darasa zima, watu wanauziwa paneli ndogo na betri ya gari, miezi sita betri imekufa mnabaki na projekta ya kuwekea maua. Weka litiamu hata ndogo, na geti lenye kufuli maana paneli zinatembea.

Kabambe254
Zinatembea hadi huku.

Mama Kiswahili
Mjumbe swali la mtu wa HKL. Shule yenu haina hata kifaa kimoja? Maana madarasa mengi nimeona kuna kabati limefungwa na hakuna anayejua ndani kuna nini.

Mjumbe wa Bodi
Swali zuri dada, nilikuwa sijawahi kuliuliza. Ngoja nimpigie mkuu.

Mzee wa Logarithimu
HKL leo zimeuliza kitu. Andikeni tarehe.

Mjumbe wa Bodi
Wakuu nimerudi. Mkuu wa shule anasema kabati lipo, la chuma, liko ofisini kwake chini ya makombe ya UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, sijui yaliingiaje sekondari hayo. Kwa mujibu wa leja ndani kuna darubini mbili, bureti kumi na nane, mita rula, sumaku na boksi la vioo, vililetwa kabla yeye hajahamia. Hajawahi kulifungua. Ufunguo anao mwalimu wa fizikia.

Mwalimu wa Zamu
Nilikuwa nimelala nikaamshwa na bureti kumi na nane. Si mmwambie afungue?

Mjumbe wa Bodi
Alihamia Mpwapwa. 2019.

Mchokozi wa Mbagala
😂😂😂 Vunjeni kufuli!

Mjumbe wa Bodi
Nimemwambia hivyo hivyo. Anasema kufuli ni mali ya shule, kulivunja lazima bodi ikae. Nimeiweka iwe ajenda ya kwanza Jumanne.

Mzee wa Logarithimu
Mwandikieni muhtasari vizuri. Mama Kiswahili, elfu tano yako hiyo.