Mjomba kaacha nipa ghafla, sasa anaona siafu ukutani. Ni pombe au karogwa?

Mabibo_Matamu
Wakuu habari za usiku. Nina mjomba wangu huku Newala, miaka kumi na kitu ni mtu wa nipa, ile gongo ya mabibo ya korosho, msimu wa mabibo ndo usiseme, asubuhi uraka (maji ya mabibo yaliyochachuka) jioni nipa. Juzi kagombana na mkewe akaapa haonji tena na kweli hajaonja. Jana mikono ikaanza kutetemeka, chai inamwagika kabla kikombe hakijafika mdomoni, leo siku ya tatu jasho linamtoka na anafukuza siafu ukutani na siafu wenyewe hawapo. Wazee wanasema mashetani, mganga kashataka jogoo mwekundu. Mi nashindwa kuelewa, mbona alipokuwa anakunywa alikuwa mzima, kaacha ndo anaumwa??

Baharia wa Shangani
Mpe glasi moja tu atatulia, mbona simple 😂

Zamu ya Usiku
@Mabibo_Matamu mpeleke hospitali SASA HIVI haya mengine utasoma njiani. Mi ni tabibu, niko Lindi, hao siafu nimeshawaona sana.

Iko hivi. Kwenye seli za ubongo kuna risepta, ichukulie kama kitasa kwenye mlango. Kuna kemikali inaitwa GABA, ikigusa kitasa chake mlango unafunguka, chembe za kloraidi zinaingia ndani na seli inatulia. Pombe inafanya GABA iwe na nguvu zaidi, ndo ule ulegevu na kuongea kivivu. Upande wa pili kuna glutameti, hiyo ndo ya kuamsha, mojawapo ya risepta zake inaitwa NMDA na inapitisha kalsiamu, pombe inaibana hiyo. Kwa hiyo mlevi anatulizwa mara mbili.

Sasa ubongo nao haukai bure. Mtu akinywa kila siku miaka na miaka unajirekebisha, risepta za GABA zinapoa, za NMDA zinaongezeka. We si umeona dau upepo ukiwa mkali, watu wote wanakaa upande wa upepo wananing'inia nje ili chombo kisilale? Chombo kinaenda sawa kabisa. Upepo ukikata ghafla na nyie bado mmening'inia, mnapinduka upande wenu wenyewe. Ndo mjomba wako. Pombe imekata, ubongo bado umeegemea kule kule, kwa hiyo mitetemo, jasho, moyo mbio, degedege ambayo mara nyingi inakuja ndani ya siku mbili za mwanzo, na kuona vitu siku ya pili mpaka ya nne hivi. Hii inaua, sitanii.

Na @Baharia kidogo una ukweli, pombe itarudisha upepo, ila mtu kachanganyikiwa ukimnywesha anapaliwa, na kesho mko pale pale. Hospitali watampa diazepamu, dawa ya kutuliza, inapita kwenye hiyo hiyo risepta ya GABA, wanapunguza taratibu, pamoja na vitamini B1. Msikimbilie kumnunulia wenyewe dukani, diazepamu na nipa vikikutana mtu anasahau kupumua.

Baharia wa Shangani
Duh nimekoma. Sasa tabibu na ile ya kuamka hukumbuki umefikaje nyumbani?

Zamu ya Usiku
NMDA hiyo hiyo. Ndo inayosaidia kuandika kumbukumbu, ikibanwa sana ubongo haujaandika kitu, sio kwamba umesahau, hakikuwahi kuwepo. Ndo maana hata ukisimuliwa hauambulii.

Mabibo_Matamu
Wakuu mrejesho. Tulimbeba na bajaji ya jirani usiku ule ule, mkewe analia njia nzima anasema yeye ndo kamponza. Wamempiga sindano na dripu, saa hizi amelala, mikono imepungua kutetemeka. Asubuhi aliamka akauliza leo ni siku gani na nani kamvua viatu. Yule jogoo tulishamfunga kamba tayari sijui tumfanyeje

Baharia wa Shangani
Mchuzi wa nazi. Mjomba akitoka akute sufuria jikoni