Yule mwongozaji wa Siwa kanipigia makofi usoni mbele ya basi zima

Wakuu, nimeshuka basini sasa hivi na mikono bado inatetemeka.

Waliofika Siwa, ile oasisi ya jangwani kule Misri, mnamjua. Yule wa kijiti. Simtaji.

Tumesimama chini ya ngome ya Shali. Bwana anatangaza kwa sauti ya kupasua anga kwamba mabomu ya vita ndiyo yaliyoiangusha. Nikasema, kwa adabu zote nilizofunzwa: samahani, si ni ile mvua ya mwaka 1926? Kuta zile ni kershef, matope na mabonge ya chumvi ya ziwani. Mvua ikinyesha siku tatu, chumvi inayeyuka na nyumba inashuka. Akanitazama. Akainua mikono hadi puani kwangu. PA PA PA! Kama anafukuza kuku kwenye mtama! "Basini, basini!"

Mtu mzima mimi. Makofi!

Na tulikuwa tumetoka Aghurmi, kwenye hekalu la Amun, mungu wa Wamisri wa kale. Aleksanda Mkuu alivuka jangwa mwaka 331 KK kuja kuuliza swali pale, akajibiwa. Mimi nimeuliza langu, nikapigiwa makofi! Makaburi ya Gebel al-Mawta tumepita mbio. Kaburi la Si-Amun, lenye michoro ya rangi iliyonitoa nyumbani, sijamaliza hata ukuta mmoja, nyuma yangu PA PA PA. Nikilala leo nitayasikia.

Mchanga_Mtupu: Uzi wote huu ni makofi? Nikadhani umeporwa.

Mleta mada: USONI, mkuu. Usoni!

Mtende_Mkavu: Huyo namjua. Sisi alituambia Aleksanda kazikwa hapo hapo Siwa, wakati waandishi wa kale wanasema Alexandria. Nilinyamaza, ndiyo maana uso wangu mzima.

Mzee_wa_Ramani: Makofi ni afadhali. Nendeni Khiva, Uzbekistan, ndani ya Itchan Kala, ule mji wa kale wenye kuta. Yule mama wa mwavuli alitusimamisha juani chini ya Kalta Minor, mnara ulioachwa nusu tangu khan alipouawa mwaka 1855, akaenda kuongea na simu. Mafundi wangekuwepo wangeumaliza tukiwa tunamsubiri.

Ngamia_Mkorofi: Khiva muiache. Mimi nililia Chinguetti, kule Mauritania. Miswada ya kale, familia zimeitunza vizazi na vizazi huku mchanga unameza mji, halafu yule mtunzaji analamba kidole ndipo anafunua ukurasa. MATE!

Mtende_Mkavu: Mate?? Kwenye mswada? Maktaba ipi hiyo?

Ngamia_Mkorofi: Ile ya mlango mdogo. Waliofika wanaijua.

Mleta mada: Jamani, turudi kwenye makofi.

Mzee_wa_Ramani: Subiri kwanza, mkuu. Alilamba kila ukurasa?