Mguu wa mwanangu umeanza kupinda tena, naombeni ushauri

Mama Kitindamimba: Ndugu zangu, mwanangu ana miaka miwili na nusu. Alizaliwa na mguu kifundo wa kulia, yaani wayo uliopindia ndani na chini, akafungwa plasta sita, moja kila wiki, akakatwa kano ya kisigino, na mguu ukanyooka vizuri. Sasa anakanyagia ukingo wa nje wa wayo, na akichuchumaa kisigino hakigusi sakafu. Je, matibabu haya hayadumu?

Baba Pacha: Dada, vile viatu vilivyounganishwa kwa chuma anavivaa usiku?

Mama Kitindamimba: Alivivaa.

Baba Pacha: Hadi lini?

Mama Kitindamimba: Naomba msinihukumu. Tuliviacha akiwa na mwaka na miezi miwili, maana mguu ulikwisha nyooka, naye alilia usiku kucha hadi mama mkwe akasema ninamtesa. Nimeshaelewana na mkandaji aanze Jumamosi. Kliniki nitarudi akitimiza miaka mitatu, kwani nasikia ndipo wanapohamisha kano, yaani upasuaji wa kuihamishia kano ya mguu upande mwingine ili wayo usivutwe ndani.

Bibi wa Wajukuu Saba: Wazazi wa sasa hamvumilii kilio. Wangu nilimvalisha hadi miaka minne, nikimwimbia kila usiku mpaka akazoea.

Msomaji Makini: Nina shaka na kisa hiki. Mara alivivaa, mara viliachwa, sasa ametokea mkandaji. Huenda mwandishi anamtafutia mtu wateja.

Mama Kitindamimba: Sijatunga, kaka. Kiatu kina kitundu nyuma cha kuangalia kama kisigino kimeshuka. Wiki zile za mwisho nilichungulia nisikione, na ngozi ilikuwa na lengelenge. Sikumwambia mtu yeyote, hata daktari.

Baba Pacha: Basi huenda alilia kwa sababu kisigino kilipanda na kiatu kikamchubua, na hilo lilihitaji kuangaliwa kliniki mapema. Mguu wa namna hii huvutwa kurudi ulikotoka kwa miaka kadhaa, ndiyo maana viatu huvaliwa saa 23 kwa siku katika miezi 3 ya kwanza, kisha wakati wa kulala hadi miaka 4 au 5. Mkandaji akiondoa mikono, hakuna kinachoushikilia. Ukirudia kupinda, kwa kawaida huanza kufungwa plasta upya, na hata kano ikija kuhamishwa, mguu uliokaza hunyooshwa kwanza. Usisubiri miaka mitatu, dada yangu.

Mama Kitindamimba: Mkandaji nimemwambia asije. Jumatatu nakwenda kliniki, na habari ya lengelenge nitaisema mwenyewe kabla sijaulizwa.