Naombeni msaada: kipimo cha umeme wa friji, namba hazitulii

Mleta uzi
Habari zenu wakuu. Natengeneza kifaa cha kulinda friji ya mama, anauza samaki. Umeme ukishuka chini ya volti 190 kikate. Nimetumia transfoma ya 230 kwa 12, daiodi nne za 1N4007 za kugeuza AC kuwa DC, kapasita ya 1µF ya kutuliza volti, halafu rizista za 47k na 10k kugawa volti ziingie kwenye Arduino Uno (kompyuta ndogo inayosoma volti na kuamua kukata).

Multimita kwenye soketi inasoma 229, imetulia kabisa. Kwenye kioo cha kifaa changu: 204, 231, 198, 226. Jana umeme uliposhuka kwenye 215 rilei (swichi ya umeme inayokata friji) ikaanza kugonga tak tak tak, nikachomoa plagi mbio kuiokoa kompresa. Daiodi nimebadilisha zote, hali ni ile ile.

Mchangiaji 1
Mkuu, daiodi zako ni nzima. Kapasita ndiyo ndogo. Umeme wetu ni wa Hz 50, na daiodi nne zinachukua pande zote mbili za wimbi, kwa hiyo kapasita inajazwa kila baada ya milisekunde 10. Hapo katikati inamwaga chaji kupitia hizo rizista, jumla 57k. Kwa 1µF inapoteza kama asilimia 14 kabla haijajazwa tena. Piga hesabu: 231 inashuka mpaka 198, namba zako zile zile. Na umeme ukiwa 215, Arduino inaona mpaka 185, ndiyo maana rilei ikagonga.

Hakikisha kwanza: multimita weka AC, pima juu ya kapasita. Ukikuta zaidi ya nusu volti, basi ni hilo. Weka 10µF au 22µF ya volti 35, na uangalie mguu wa hasi usiugeuze.

Mchangiaji 2
Naongezea, usije ukaweka 470µF ukidhani ndiyo dawa zaidi. Kwa rizista hizo itachukua kama sekunde tano kushuka kutoka 229 mpaka 190, kompresa inateseka huku kioo bado kinakuonyesha zaidi ya 190. Bora kapasita ya wastani, halafu programu isome mfululizo kwa milisekunde 100 kamili na kutoa wastani. Kata 190, rudisha 205, tena baada ya dakika tano ili presha ya gesi itulie. Rilei inalishwa na transfoma hiyo hiyo? Kama ndiyo, ikivuta tu kipimo kitashuka.

Mleta uzi
Asanteni sana wakuu. Rilei ina chaja yake ya simu. AC juu ya kapasita nilikuta 0.6. Nimefunga 22µF niliyoitoa kwenye redio mbovu, sasa ni 0.03. Ilibidi nirekebishe namba ya kuzidishia kwenye programu. Sasa kioo kinasoma 229, 228, 229. Kwetu umeme hushuka kuanzia saa mbili usiku, kwa hiyo leo nafunga balbu mahali pa friji niangalie kinavyokata.