Harley Reid msimu wa 2024: nimnunulie mtoto jezi namba 9, au nisubiri?

Tai_wa_Joondalup
Wakuu salaam. Msimu umeisha, sisi West Coast Eagles wa ligi ya AFL (mpira wa Kiaustralia) tumemaliza wa 16 kati ya timu 18, tumeshinda mechi tano tu, kwa hiyo nina muda mwingi wa kubishana.

Mwanangu ana miaka tisa. Anataka jezi ya Eagles yenye namba 9 mgongoni, ya Harley Reid, kijana wetu wa mwaka wa kwanza. Jezi ya hapa Perth si bei ya mchezo, na kila nikifungua habari nakuta kijana atarudi kwao jimbo la Victoria. Halafu mimi mwenyewe sijui nimuweke kundi gani. Kuna siku namuona kama mchezaji wa mara moja katika miaka ishirini. Kuna siku robo ya tatu inaisha ndiyo nakumbuka kwamba yumo uwanjani.

Mechi ya Melbourne, raundi ya 10, nilikuwa uwanja wa Optus. Mwamuzi kapiga mpira chini pale katikati, Reid kauchukua, kamsukuma mtu kwa kiganja, kamwacha mwingine, kakimbia nao peke yake na kupiga katikati ya milingoti. Mzee mmoja mbele yangu, ambaye tangu mwanzo alikuwa anakula chipsi zake kimya, alisimama chipsi zikamwagika zote na hakuziangalia. Huyo ndiye Reid wa kwanza. Reid wa pili ni yule aliyefungiwa mechi mbili kwa jinsi alivyomkaba Darcy Wilson wa St Kilda akamtupa chini. Klabu ikaenda kubisha kwenye baraza la nidhamu, ikagonga mwamba.

Sasa naomba mnisaidie kulinganisha. Kati ya vijana waliokuja na sifa kubwa, msimu wake wa kwanza unafanana na wa nani: Jack Watts, Tom Boyd, Jason Horne-Francis, au Bontempelli? Nikijua hilo nitajua kama ninunue jezi.

Mgema_wa_Mtwapa
Mimi ni wa Melbourne Demons, kwa hivyo kwa Watts niachieni mimi, hiyo ni msiba wa nyumbani.

Yule alichaguliwa wa kwanza drafti ya 2008, pale klabu zinapochagua vijana wapya kwa zamu. Bado alikuwa mwanafunzi, na mechi yake ya kwanza wakampa ile ya sikukuu ya Queen's Birthday ya 2009 pale uwanja wa MCG dhidi ya Collingwood. Wenye kuifuata footy, huu mpira wetu, wanajua hiyo ni siku kubwa kiasi gani. Mpira wake wa kwanza kabisa, Collingwood watatu wakamrukia kwa pamoja kama wanaopiga mwizi wa kuku. Mtoto wa miaka 18, mwembamba kama mwiko. Mwaka huo alicheza mechi tatu tu, lakini nakwambia hukumu ilishatolewa siku ile. Alikuja kutuchezea mechi 153, na kila mkutano wa mashabiki lazima mmoja aseme "tungemchukua Naitanui". Ambaye mlimchukua nyinyi, chaguo la pili. Asanteni sana.

Reid hafanani naye hata kidogo. Watts walimfuata wakamwangusha. Huyu wenu ndiye anayewafuata watu. Jezi nunua.

Shangazi_Subi
Tai, mwanangu, unauliza swali la magoli wakati mpira huu si wa magoli peke yake. Mimi natazama Eagles tangu wanacheza uwanja wa Subiaco, kabla ya kuhamia ng'ambo ya mto, na nitakwambia kitu cha kuangalia: miguu.

Robo ya kwanza Reid akiwa na nguvu, mpira ukiwa umezingirwa na watu sita, yeye anaufuata akiwa ameshaanza kuchuchumaa kabla haujafika. Mgongo chini, magoti yamekunjwa, mikono mbele. Ndiyo maana akiupata wa kumtoa hapo hayupo. Dustin Martin mwenyewe, bingwa wa kusukuma watu kwa kiganja, alionjeshwa dawa yake raundi ya 5 tulipowapiga Richmond. Sasa mtazame robo ya mwisho. Anaufuata amesimama wima. Mikono imeshika kiuno. Mpira unapita mita moja pembeni yake na anautazama tu kama basi lililojaa.

Huko si kukosa kipaji wala kukosa nidhamu. Ni mapafu. Mwaka 2023 alikuwa anacheza ligi ya vijana na Bendigo Pioneers, na kwao ni Tongala, mji mdogo wa wafuga ng'ombe wa maziwa. Mwaka unaofuata unamtupa katikati ya wanaume wa miaka 28, wiki baada ya wiki, na kila timu inamwekea mtu wa kumganda. Mechi 20 kati ya 23 kwa mtoto wa mwaka wa kwanza, tena katikati ya uwanja! Wengine wanaanzia pembeni huko wanapumua.

Kivu_Footscray
Ndugu zangu, mimi ni wa Western Bulldogs, na hapa mumegusa vijana wetu wawili, Boyd na Bontempelli, yaani Bont. Basi ngoja.

Boyd muondoe kwenye orodha. Alichaguliwa wa kwanza 2013 na timu ya GWS, akacheza mechi tisa mwaka 2014, akaja kwetu kwa mkataba wa miaka saba. Watu walimcheka sana kwa sababu ya ile pesa. Halafu fainali ya 2016 dhidi ya Sydney akapiga magoli matatu, lile la mwisho kutoka mbali sana mpira ukadundadunda mpaka ndani. Kombe la kwanza tangu 1954! Akastaafu 2019 akiwa na miaka 23, akasema wazi kwamba akili yake imechoka. Sasa huyo utamlinganisha na nani? Huyo hadithi yake ni ya peke yake, na sipendi mtu amtumie kama mfano wa kushindwa.

Kulinganisha kwa kweli ni Bontempelli. Alichaguliwa wa nne mwaka ule ule wa 2013. Msimu wake wa kwanza, 2014, tuzo ya chipukizi alikosa kwa kura moja. Moja! Akachukua Lewis Taylor wa Brisbane. Taylor hakuwa mchezaji mbaya, lakini leo waulize watoto kumi wa kwetu Footscray kama wanamjua.

Kwa hiyo mwaka huu Ollie Dempsey wa Geelong kuchukua medali hiyo ya chipukizi si sababu ya mtu kulia.

Port_Mswahili
Nasoma nacheka. Wote mnazunguka jibu na jibu ni Horne-Francis.

Hesabuni. Chaguo la kwanza, 2021. Mwili wa mtu mzima akiwa na miaka 18. Anapenda mgongano. Ana hasira za karibu. Anatoka mbali, yeye wa South Australia amepelekwa North Melbourne, wa kwenu wa Victoria amepelekwa Perth. Timu mbovu, kocha anaondoka katikati ya msimu: David Noble Julai 2022 kule North, Adam Simpson Julai 2024 kwenu. Mechi 17, zingine moto, zingine barafu. Mwisho wa mwaka kijana akafunga begi akaja kwetu Port Adelaide, na mashabiki wa North mpaka leo wanamzomea.

Jezi usinunue, mzee. Au nunua bila namba.

Tai_wa_Joondalup
Port, umenikosesha usingizi. Hiyo ya Simpson sikuifikiria hivyo. Simpson si kocha wa hivihivi, alitupa kombe la 2018, na siku alipoondoka hata mimi niliyekuwa namlaumu kila Jumapili nilijisikia vibaya.

Mtazamaji_South_B
Naingia kama mgeni. Niko Nairobi, nilianza kuangalia huu mchezo usiku nikiwa kazini, mimi ni mlinzi. Swali la kijinga: kwa nini kila huyu "chaguo la kwanza" anaenda timu mbovu?

Pia nilisikia kuna mchezaji aliyezaliwa Kakuma, ni kweli?

Shangazi_Subi
Si la kijinga kabisa, ndilo lenyewe. Timu iliyoshika mkia inachagua kwanza. Sisi 2023 tulishinda mechi tatu, tukafungwa na Sydney kwa pointi 171 (nilikuwa natazama na wajukuu, nikazima nikaenda kupika), na zawadi yake ndiyo Reid. Maana yake mtoto mwenye kipaji kuliko wote anapewa nyumba inayovuja kuliko zote, halafu anaambiwa aezeke.

Na ndiyo, ni Aliir Aliir, yuko Port, timu ya huyo anayecheka hapo juu. Alizaliwa kambi ya Kakuma, familia yake ni ya Sudan Kusini. Sydney walimchukua drafti ya 2013 na hakucheza mechi ya timu kubwa mpaka 2016. Misimu miwili mizima anasubiri. Mwaka 2021 akachaguliwa kikosi bora cha Australia nzima.

Huyo hakuna aliyemuuliza "msimu wako wa kwanza ulikuwaje" kwa sababu hakuna aliyekuwa anamtazama. Bahati kubwa hiyo.

Port_Mswahili
Aliir ni mtu wetu, hapo sibishi. Shikamoo Shangazi.

Shangazi_Subi
Marahaba. Sasa acha kumtisha Tai.

Kivu_Footscray
Shangazi, mi naheshimu, lakini hii ya nyumba inayovuja si yote. Mwisho wa 2014 kwetu Bulldogs ilikuwaje? Tulimaliza wa 14. Nahodha Ryan Griffen akaomba kuondoka. Kocha McCartney akaondoka. Nyumba haikuvuja tu, iliungua moto. Na Bont ndani yake, mwaka wa kwanza, hakuyumba.

Tofauti naona ni hii. Bont mwaka wa kwanza mpira wake ulikuwa wa aina moja kila wiki. Leo amecheza kidogo, kesho amecheza sana, lakini maamuzi yake ni yale yale: akiona pasi ya ngumi kwa mtu aliye huru, anatoa. Reid akiona watu watatu mbele yake anataka kuwapita wote watatu. Akifaulu, ni video ya wiki nzima. Akikosa, mpira umepotea katikati na goli linakwenda upande wa pili. Hiyo si mapafu, Shangazi. Hicho ni kichwa.

Mgema_wa_Mtwapa
Kivu, lakini atampa nani? Eagles wa mwaka huu? Mimi ningejaribu kuwapita watatu pia.

Shangazi_Subi
😂 Mgema umeniua.

Kivu, nakubali nusu. Nimeliona. Kuna mechi alikuwa na mwenzake Elliot Yeo pembeni kabisa anapiga makofi, anaita, Reid kaenda mwenyewe, kaangushwa, faulo ya kushikilia mpira. Yeo hakumkaripia. Alimshika kola akamwinua, akamwambia kitu sikioni. Dakika chache baadaye mpira wa aina ile ile, Reid katoa pasi ya ngumi bila hata kuangalia.

Mtoto anayejifunza ndani ya mechi moja, mimi simhukumu kwa msimu.

Port_Mswahili
Anayejifunza ndani ya mechi moja halafu wiki inayofuata anasahau, huyo ndiye tunayemjadili.

Mtazamaji_South_B
Hapa tuseme tu kama kocha wa mtaani: dogo ana mguu, hana breki.

Tai_wa_Joondalup
Haya. Nimesoma yote mara mbili. Watts tumemtoa. Boyd nimemtoa kwa heshima. Wamebaki wawili, na ninavyoona mimi ni hivi: uchezaji wake ni wa Horne-Francis, na siku zake nzuri ni nzuri kuliko za Horne-Francis wa 2022. Ubontempelli bado. Kivu amenishawishi kwenye maamuzi, sina la kujibu, na nikirudia mechi za mwezi wa Julai kichwani namuona kabisa akiwaingia wale watatu.

Lakini sikubali kwamba ataondoka kwa sababu Horne-Francis aliondoka. Yule alionekana hataki kuwepo. Huyu nimemuona baada ya kufungwa anabaki kwenye uzio kusaini kofia za watoto mpaka walinzi wanamwambia inatosha.

Port_Mswahili
Wote husaini kofia, mzee.

Tai_wa_Joondalup
Najua. Nilikuwa natafuta sababu.

Mrejesho wa haraka kabla sijalala: nimemwambia mama watoto kwamba nimeamua tusubiri mpaka mwakani tuone. Akaniangalia, akaenda kabatini, akatoa jezi. Namba 9. Alishainunua tangu mwezi wa Mei, wiki ile ya Melbourne, anamwekea siku ya kuzaliwa. Tena kachukua saizi ya miaka 12.

Shangazi_Subi
Huyo mwanamke ndiye angekuwa anachagua drafti.

Mgema_wa_Mtwapa
Mwambie akija Melbourne ana kiti chetu.